Mgagani wa Agnetha na Neno Uchungu

Kamusi yangu inasema kitu kichungu ni chenye ladha kama ya shubiri au kwinini. Mgagani haumo. Walioitunga hawakula kwetu Tinde, ambako mama akiipika mboga hiyo ikakosa uchungu, wageni walimuuliza kama ameiosha mpaka ikafa. Kwa kusikiliza kwangu, maana sikusoma chuo, neno hili lilianzia ulimini, likashuka kwa mama anayejifungua, ndipo likafika kwa mtu mwenye uchungu na watoto wake. Siku hizi limebaki la kutemea mate.

Agnetha, Mama Masalu, mjane wa Tinde, alifungua banda la chakula kwenye machimbo ya Geita. Mwaka jana Masudi, mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, alitafuta mpishi wa kudumu wa wachimbaji wake. Agnetha aliitaka kazi hiyo kuliko kitu chochote. Banda lilikuwa linakufa. Akaambiwa apike siku moja, waonje.

Alipika kwa heshima. Alichemsha mgagani, akaulaza kwenye maziwa siku mbili, akaupakua na ugali. Nilikuwa nimekaa benchi la pembeni.

Davis, mchimbaji wa kwanza kuonja, alimeza tonge akasimama. “Mama, umetuwekea nini humu?”

“Mgagani, mwanangu.”

“Mboga gani chungu hivi? Hii dawa. Nani kakutuma utufungie duara?”

Wenzake wakasukuma sahani. Wiki mbili shimo lilikuwa halijatoa kitu, na kwao lazima awepo wa kulaumiwa.

“Kwenu hamna mgagani?” nikauliza.

“Mzee, wewe kula. Huchimbi.”

Agnetha alichukua sahani ya Davis, akaketi mbele yao, akala yote taratibu. Kisha akavuta ya pili.

“Mchawi hafi kwa dawa yake,” mmoja akasema, wengine wakacheka.

Masudi hakucheka. “Shikamoo, Mama Masalu,” alisema kwa adabu. “Mimi najua ni mboga. Lakini hawa wakikataa kushuka shimoni, mimi ndiye ninayefunga duara.”

Kazi akapewa Ritha, anayepika kabichi kwa mafuta mengi. Sasa Agnetha ndiye anayemkatia hiyo kabichi. Nilimsalimia juzi, nikamuuliza kama nyumbani bado anapika mgagani.

“Nampikia nani, mzee?” alisema, akaendelea kukata.