Mbuzi na Maua ya Misi

Mpaka leo nikinusa maji ya sabuni yaliyomwagwa kwenye mchanga wa moto, namkumbuka mbuzi. Msinicheke, nitafika huko.

Sisi tulikuwa watu wa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Mreno. Baba alivuka kutafuta kazi ya mkonge, akatuweka karibu na Mkunya, huko Newala, akashuka zake Lindi. Shule ya misheni ilinipokea kwa kuazimwa kiti: akija mtoto wa hapahapa, mimi natoka. Wenzangu hawakuniacha nisahau; Mmawia lilikuwa jina lao la kutudharau sisi wa ng'ambo. "Wee Mmawia, kiti kinakuunguza?"

Mwalimu wetu, Misi, alikuwa Mzungu, mwembamba, wa kuunguaungua pua. Zamu yangu ilikuwa kumletea maji ya kuoga. Na maji ya Newala mnayajua, yako bondeni. Unashuka gizani, unapanda na jua, shingo imeingia kifuani. Misi akishaoga, ninatakiwa niyachukue yale ya beseni nikamwagilie maua yake pale kibarazani. Maua! Nyumbani mbuzi wa mama amezaa, ulimi nje kwa kiu.

Basi nikawa naingiza maji ya beseni mtungini, napeleka kwa mbuzi. Mwanzoni alikataa. Baadaye akazoea, akawa anacheua povu kama mzee anayepiga mswaki. Mama alipouliza nilimwambia Misi kanipa. Uongo wa namna hiyo nilikuwa nao wa kutosha.

Maua yakakauka. Misi akaniuliza mara moja tu, nikasema kweli. Akamwita mama, na mimi nikajua kiti kimekwenda.

Mama alikaa chini kibarazani, ndonya yake, kile kijiti cha urembo, kwenye mdomo wa juu, akayatazama yale majani makavu.

"Haya yanaliwa, Misi?"

"Hayaliwi, Mama Luiza."

"Ni dawa?"

"Si dawa."

"Sasa mwanangu kaharibu nini?"

Misi naye akakaa chini, sakafuni, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya. "Mbegu alinipa mama yangu siku naondoka Ulaya. Ni mzee. Pengine sitamwona tena."

Mimi nikangoja amtetee mbuzi, maana kwa maneno mama hakuwa mtu wa kushindwa. Akasema tu, "Yamebaki mangapi?"

"Mawili."

"Na Luiza?"

"Luiza atakuja shule kesho."

Kesho yake mama aliondoka na mtungi wake mwenyewe. Nilidhani maji ni ya kupikia. Aliporudi alipita kwa Misi kwanza, akachota kwa kibuyu kidogo, akalimwagilia ua la kwanza, akalimwagilia la pili, taratibu, kama anayenywesha mtoto mgonjwa. Maji safi hayo, ya bondeni. Alifanya hivyo mpaka mvua zikanyesha. Mimi nilinuna. Nilimwona mama kajipendekeza kwa Mzungu ili nisifukuzwe.

Nimesoma mpaka darasa la tatu tu, na mengi niliyofundishwa yameshanitoka. Hili lilinijia nikiwa mtu mzima, binti yangu ameolewa mbali, nami nahesabu miezi bila kumwona. Tangu tuvuke ule mto, mama hakurudi kwao hata siku moja, na sisi watoto hatukumuuliza aliacha nani. Miaka yote ile sikuwahi kufikiri kwamba mama naye alikuwa na mama.