Maganda Kumi na Manne ya Shaba

Kazi yangu hapa Mkoani ni kununua vyuma chakavu, na mnunuzi wa chakavu hasifu kitu cha mtu. Ukiniletea sufuria nitaigonga kwa kidole, nitaisikiliza kama daktari, kisha nitatikisa kichwa. Betri ya gari nitaipa pole. Hata kitu nilichokitamani tangu kilipokunja kona nitakwambia kimekwisha, nakichukua kwa kukuhurumia tu. Watu wanajua hivyo, nami najua kuwa wanajua, na biashara inakwenda.

Pembeni nina kazi ya pili, ya shaba. Niliipata ujanani Chake Chake, kwa Mhindi mmoja aliyekuwa na duka la vyombo na karakana ndogo uani. Alinifundisha kwamba shaba si chuma. Shaba ukiigonga hukakamaa, ukizidi kuigonga hupasuka. Ukitaka ikutii tena uichome moto, na hata ukiitumbukiza majini papo hapo hubaki laini. "Chuma kina hasira," alikuwa akisema. "Shaba inasamehe." Niliishi na maneno hayo miaka mingi bila kuyatilia shaka.

Basi akaja mzee mmoja wa Chokocho. Mkulima wa muhogo, tena msasi. Ana bunduki ya marisau ya kibali, aliyoirithi kwa baba yake, na tumbili wakishambulia mashamba kijiji kizima humtazama yeye. Risasi zake zilikuwa za aina ya zamani, ganda zima shaba, ambalo likishapigwa huokotwa likajazwa tena. Kila likipigwa mdomo wake hutanuka, na kila likijazwa hubanwa. Sasa midomo ilikuwa imeanza kuota nyufa nyembamba kama unywele.

"Naambiwa weye wailainisha shaba," akasema, akamimina maganda juu ya meza yangu.

Nikachukua moja, nikaligeuza. "Haya yamechoka, mzee."

"Na weye ukichoka wachomwa moto?"

"Miye nikichoka nalala. Haya hayana maisha."

"Hayana maisha! Mwaka jana uliniambia sufuria yangu haina maisha. Wiki ya pili naiona imetundikwa hapo mlangoni, yang'ara kama bibi harusi, na bei mara tatu."

Tulicheka sote wawili. Nikayahesabu maganda: kumi na manne. Nikayahesabu tena mbele yake: kumi na manne. Kujaza baruti angejaza mwenyewe nyumbani kwake. Mimi ni fundi wa shaba, nikamwambia, mambo ya baruti sitaki hata kuyasikia.

Kazi yenyewe si ngumu, ila ina adabu yake. Unalainisha mdomo peke yake. Kitako hakiguswi na moto, kwa sababu kitako ndicho kinachobeba mshindo. Kikilegea, moto wa baruti hautatoka kwa mbele tu. Kwa hiyo maganda husimamishwa kwenye maji yanayofika nusu ya kimo, ili chini kubaki baridi wakati juu kunachomwa. Na haifanywi juani, kwani juani rangi ya shaba iliyoiva haionekani, utaichoma mpaka iungue.

Nilifunga mlango wa kibanda. Nikachukua sinia la bati nyumbani, nikalitia maji, nikayapanga maganda humo. Nikawasha mtungi wa gesi, nikaanza upande wa kushoto: moto mdomoni, rangi ikikaribia wekundu wa mbali nalisukuma ganda kwa msumari, linaanguka majini, tss. Jingine. Sikuwa na haraka. Nilikuwa hata napiga mluzi.

Nilipomaliza nikafanya jambo ambalo hakuna aliyeniomba. Shaba iliyochomwa hubaki na mstari wa rangi, samawati iliyochanganyika na hudhurungi, unaoonyesha moto umefika wapi. Mimi najua mteja hufurahia kung'aa. Nikatwaa majivu na ndimu, nikayasugua yote kumi na manne mpaka ungeweza kujitazama meno. Mzee alipokuja kuyachukua alisema mashallah, jambo ambalo watu hawalisemi mara nyingi kwangu.

Siku ya pili mke wangu alilitaka sinia lake aroweke choroko. Nikasikia ananiita kutoka uani.

"Sinia lavuja hili."

"Tangu lini?"

"Miye n'jue? Weye ndiye uliyelichukua. Nimetia maji, nimekwenda kutwaa chumvi, narudi choroko zimekaa pakavu."

Nililipeleka kibandani, nikalitia maji kiasi kilekile, nikaliweka palepale. Sakafu yangu ni udongo, inakunywa kila kitu na haisemi. Nikakaa muda uleule wa kazi ya jana. Maji yalishuka polepole mpaka yakabaki kimo cha ukucha. Nikarudia mara ya pili, nikitumaini jibu jingine. Kimo cha ukucha.

Maana yake ni kwamba maganda ya mwisho niliyachoma yakiwa yamesimama karibu pakavu, na katika giza la kibanda sikuyaona maji yakishuka. Manne, pengine matano. Vitako vyao vimelegea. Ni yapi? Ule mstari wa rangi ungeniambia kwa kutazama tu, nami nilikuwa nimeusugua kwa ndimu.

Asubuhi yake nikapanda bodaboda mpaka Chokocho. Nilimkuta mzee barazani kwake pamoja na shemeji yake, wanakunywa chai. Maganda alikuwa ameshayajaza, yamo kikapuni pembeni yake. Msako wa tumbili ulikuwa kesho yake.

Njia nzima nilikuwa nimetunga maneno. Ningeweza kusema: mzee, nimekosea, nimeyaharibu. Ni maneno machache. Lakini nilifikiria jina langu la ufundi, na shemeji aliyekaa pale na mdomo wake, na habari itakavyofika Mkoani kabla yangu. Nikaona ipo njia ya kuyapata bila kujiaibisha.

"Mzee," nikasema, "yale maganda nimeyafikiria. Mabovu. Niuzie yote, nitakupa bei nzuri."

Katika maisha yangu yote ya biashara sijawahi kutoa bei nzuri kwa kitu nilichokiita kibovu. Nililisikia neno likinitoka na nikajua.

Mzee akaweka kikombe chini taratibu. Akamtazama shemeji yake. "Wamsikia? Juzi hayana maisha. Leo kapanda bodaboda kuja kuyanunua."

"Kapata tajiri Unguja," shemeji akasema. "Vitu vya kale hivyo, Wazungu wavitundika ukutani."

"Wallahi mzee, mabovu. Usiyapige."

"Wallahi hii ni ile ya sufuria, au umekuja na nyingine?"

Hapo ndipo nikasema kweli. Nikaeleza sinia, maji, kitako, yote, kwa mpangilio, kama mtoto anayesoma sura aliyoihifadhi. Nikasema ni mimi niliyeyaharibu. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, na kwa kitambo kidogo nilidhani nimempata. Kisha mabega yakaanza kumtikisika.

"Yakhe, hii mpya! Sasa wajitukana mwenyewe ili bei ishuke!"

Walicheka mpaka shemeji akajimwagia chai. Niliingiza mkono kikapuni. Mzee akaushika, kwa upole, akautoa. Alitaka kuniridhisha. Akachagua risasi moja akanitia kiganjani. "Haya, chukua hii, zawadi. Kumi na tatu zanitosha. Usirudi na hadithi nyingine."

Nilikwenda hadi kituo cha bodaboda nikiwa na risasi moja mfukoni, na sikujua kama ni nzima au mbovu. Nilifikiria kwenda kwa sheha, mkuu wa serikali pale kijijini, auzuie msako. Nikafikiria atakavyoniuliza: nani aliyechoma maganda, kwa kibali gani. Kwa sheha sikwenda. Hilo nimelihesabu mara nyingi zaidi ya mbili, na jumla haibadiliki.

Kesho yake nilifungua kibanda kama kawaida. Aliyeniletea habari alikuja kuuza mabati. Akanieleza huku nayapima. Risasi ya sita, akasema. Mzee alikuwa amelenga juu ya mwembe. Kitako kilipasuka, moto ukarudi nyuma. Jicho la kulia limekwenda, na vidole viwili vya mkono wa upande huohuo. Akaniuliza mbona natoa bei ileile aliyoitaja yeye, sijaipunguza.

Nilikwenda hospitali siku ya tatu. Nilimkuta amelala chali, nusu ya uso imefungwa bandeji, mkono umekuwa kama mpira wa matambara. Mkewe alikuwa ametoka kuteka maji. Nikamsalimu shikamoo, akaitika marahaba bila kugeuka, maana upande wangu hakuwa na jicho.

"Wengine nimewaambia bunduki ilikuwa kuukuu," akasema.

Nikavuta kigoda, nikakaa.

"Ulikuwa wasema kweli."

"Nilikuwa nasema kweli, mzee."

"Ulianza na bei. Ungeanza na sinia."

"Ungeniamini?"

Akageuza kichwa mtoni mpaka jicho la kushoto likanipata. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wanasikiliza.

"Sijui," akasema. "Lakini hapo mkosa ningekuwa miye peke yangu. Sasa tumekosa sote, na jicho ni langu."

Mkewe akarudi na ndoo, akaniona, akaweka bakuli la uji juu ya kimeza. Mzee akanyoosha mkono wa kushoto kulitafuta, akapapasa pembeni, akalikosa. Sikungoja kuambiwa. Nikalishika bakuli, nikachota kijiko, nikakipeleka mdomoni mwake, naye akafungua mdomo.