Mzima

Mama alimfundisha dada yangu mkubwa kuitikia salamu kabla hajaweza kufunga kitenge mwenyewe. Ukimuuliza, "Mzima wewe?" hujibu kwa sauti ya kuita ng'ombe: "Mzima!" Kwa miaka ni mtu mzima kweli, ila akili yake ilibaki utotoni. Hapa Kamuli wanamwita taahira, tena mbele ya mama, kana kwamba alibatizwa hivyo.

Kahawa ya kutafuna ya nyumba yetu hutengenezwa naye. Huichuma, huichemsha na majani ya kunukia, huianika. Mgeni akifika, dada hupiga magoti na kumpa kikapu kwa mikono miwili, huku akicheka mpaka mgeni naye acheke. Sijamwona na furaha nyingine inayoizidi hiyo.

Siku wageni walipokuja kumposa mdogo wetu, dada aliamka akavaa gauni lake la Krismasi. Kikapu kilikuwa tayari. Shangazi, aliyekuja kutoka Kihanga kusimamia mambo, akampokonya.

"Wakwe wakimwona huyu watasema ukoo wetu una kasoro," alituambia. "Mnataka binti azeekee hapa?"

Mama aliinama akapanga vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Shangazi akamwingiza dada jikoni, nyuma ya nyumba. "Wageni wapo. Kaa humu," akamwambia, akafunga komeo kwa nje. Nilimchukia siku ile, na shikamoo yangu kwake hadi leo hutoka kwa shida.

Wageni wakaketi, wakatafuna, wakaisifu kahawa. Shangazi akasema ni kazi ya mchumba. Kisha mshenga wao, mzee mpole, akauliza kama ilivyo ada, "Na watoto wa hapa, wote wazima?"

"Wote wazima, baba. Ndio hawa mnaowaona."

Kutoka jikoni ikaja sauti: "Mzima!"

Shangazi akacheka kidogo. "Binti wa kazi huyo."

"Ni dada yetu," nikasema. "Na kahawa mnayotafuna ni yake."

Nilingoja wainuke waondoke. Mzee alikitazama kikapu, akasema, "Basi mwiteni, mwanangu. Tumshukuru kwa mkono wake."

Mbio zile nilizokwenda kufungua komeo! Dada alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mafiga, gauni limeingia majivu. Nikamshika mkono. Akauvuta.

"Wageni wapo," akaninong'oneza, akinionya mimi.

Nilimbembeleza, mama akaja akambembeleza. Hakutoka. Mzee aliaga bila kumwona.

Mdogo wetu aliolewa vizuri tu, yuko Kibingo, na wakwe hawakuwahi kulitaja jambo lile. Dada bado anaanika kahawa. Lakini hodi ikisikika, huacha kikapu mezani, akaenda jikoni na kuuvuta mlango. Hakuna anayemwambia. Na mgeni akiuliza kama sote ni wazima, tunasikiliza, na jikoni kumenyamaza.