Njia ya Isiolo Inayopita Mlangoni mwa Kaaha

Jua la mchana limeiwakia Garissa, na hata mbuzi wa sokoni wamejibanza kwenye vivuli vya malori. Ndani ya chumba cha vifaa kando ya barabara ya Modogashe, Kaaha Barre ameinama mbele ya skrini, simu sikioni, vumbi la mnara alioshuka punde likiwa bado mabegani mwa buibui lake.

"Salah, walaal, ndugu yangu, niambie unaona nini huko."

"Daktari wa kwenye skrini amekuwa picha ya ukutani," muuguzi Salah anajibu kutoka zahanati moja ya kambi ya Dagahaley. "Mdomo unafunguka, sauti haikuji."

Kaaha anatazama taa kwenye skrini yake. Zote ni za kijani. Kwa mashine, mambo ni shwari kabisa.

"Hii kijani," anasema akikata simu, "walahi naichukia."

Kaaha, mwenye umri wa miaka thelathini na miwili, ni fundi wa mtandao katika kampuni ndogo ya intaneti inayohudumia maduka, shule na zahanati kutoka Garissa hadi kambi za Dadaab. Kazi yake watu huikumbuka inapoharibika tu, na hapo hukumbuka na namba yake ya simu.

Kampuni hiyo ina milango miwili ya kutokea kwenda kwenye intaneti ya dunia. Mmoja uko papa hapa Garissa: waya wa faiba unaofuata barabara hadi Nairobi. Wa pili uko Isiolo, na hufikiwa kwa minara inayorushiana mawimbi kupitia Modogashe. Ruta, mashine zinazoelekeza safari za data, lazima zichague. Kila mlango hutangaza namba yake, na wenye namba ndogo ndio unaochaguliwa. Isiolo hutangaza kumi, Garissa ishirini. Basi kila kitu huenda Isiolo.

"Ruta zetu ziliwekwa ziangalie namba ya mlangoni peke yake," Kaaha anaeleza. "Safari ya kufika huko mlangoni haihesabiwi. Sauti ya Salah inatoka Dagahaley, inafika hapa, inaupita mlango huu ninaoweza kuugusa kwa mkono, halafu inaenda Modogashe mpaka Isiolo. Upepo ukipiga minara ya katikati, nusu ya maneno yanapotea. Na mnara haujazimika, umedhoofika tu. Kwa hivyo tangazo linabaki palepale, na ruta inaliamini."

Ipo namna nyingine ya kuhesabu, inayojumlisha safari nzima pamoja na namba ya mlango. Kaaha ameiomba ofisi kuu ya Nairobi mpaka amechoka kuomba. Mkuu wake si mtu mbaya. Anakumbuka jinsi greda za barabara zilivyoukata waya wa Garissa, ukaungwa, ukakatwa tena, na kila mara mtandao mzima ukayumba ukigeuza njia. Wateja walikuja juu. Ndipo Isiolo ikapewa namba ndogo, na agizo likawa kungoja ujenzi uishe.

"Hata mimi nilikubali," Kaaha anasema. "Wateja wote wakikatika, kelele zinafika Nairobi. Dagahaley ikipoteza nusu ya maneno, nani atasikia?"

Mwaka jana Ramlo, mke wa mfugaji anayeishi nje kidogo ya kambi, alishikwa na uchungu, mtoto akiwa amekaa vibaya. Gari la kumpeleka Garissa lilikuwa limekwama kwenye matope. Salah akamwita daktari wa uzazi kwenye skrini, na daktari akaanza kumwelekeza. Katikati ya maelekezo picha ikaganda. Mtoto hakupona.

"Siwezi kusema ni laini ilimuua," Salah anasema kwa simu, taratibu. "Lakini daktari alikuwa ananiambia kitu. Mpaka leo sijui alikuwa ananiambia nini."

Ramlo ni mjamzito tena, na mwezi wake umefika. Amemwambia Salah kwamba atajifungulia palepale, kwa kuwa daktari wa kwenye skrini yupo. Inauma kusikia imani kama hiyo.

Nyumbani, Kaaha anaishi na baba yake, mzee Barre, aliyekuwa mfugaji. Siku hizi anashinda uani karibu na mitungi ya maji, na ukimuuliza habari za ng'ombe, kwanza hukuangalia kwa hasira.

"Zamani hatuhami mpaka sahan arudi," anasema hatimaye. Sahan ni mtu anayetangulizwa kuona malisho kwa macho yake, na njia ya kufika huko. Barre mwenyewe aliifanya kazi hiyo ujanani. Simu zilipoenea, akaona hakuna haja ya kumchosha mtu.

Ukame ulipokuja, ndugu yake akapiga simu kutoka Ijara: nyasi ipo.

"Hakudanganya. Nyasi ilikuwepo," Barre anasema. "Lakini njiani maji hakuna, na ng'ombe yangu ilikuwa imekonda. Mimi nilisikia nyasi tu."

Walianguka njiani mmoja baada ya mwingine. Waliofika Ijara hawakutosha kuitwa kundi.

Simu ile ilipita kwenye mnara ambao Kaaha alikuwa ameutengeneza. "Siku hiyo laini ilikuwa safi kabisa, aabo alisikia kila neno," anasema kuhusu baba yake, na hatabasamu.

Alhamisi anajiandaa kupanda lori kwenda Dagahaley. Hajabeba vifaa, kwa sababu hakuna cha kutengeneza huko. Njia inachaguliwa Nairobi, na Nairobi imesema ingoje. Amebeba shuka na maji.

"Namwendea Ramlo uso kwa uso," anasema. "Nitamwomba tuje naye Garissa sasa, kabla uchungu haujaanza, akae kwetu, karibu na hospitali. Nitamwambia asimngoje daktari wa kwenye skrini."

Na akikataa?

Kaaha anafunga mlango wa chumba cha vifaa. Nyuma yake taa bado ni za kijani.

"Laini hiyo ni mimi ninayeitunza," anasema. "Nikimwambia mimi mwenyewe kwamba haifai, labda ataniamini."