Siku Niliyoitikia Baraka kwa Kiingereza

Watu husema mimi ni mzee mpole, sina maneno mengi, na mkinisifu kwa hilo huwa naona haya, maana upole huu sikuzaliwa nao. Ujanani nilikuwa na domo, acheni tu, na ni domo hilohilo lililonikosesha mke mbele ya ukoo wake na ukoo wangu, mchana kweupe, pombe imeshapikwa na watu wameshakaa. Nikisimulia nacheka kwa sababu ninyi mnacheka, lakini siku ile bado inaniuma.

Ilikuwa enzi ya Mjerumani, kabla ya vita. Vijana wa rika langu hapa chini ya Mlima Meru kila mmoja alikuwa na chake cha kuringia, huyu kofia kuukuu aliyopewa na askari, yule neno la Kijerumani aliloliokota bomani, basi analisema hata kwa mbuzi. Mimi sikutaka cha Mjerumani, kila mtu alikuwa nacho. Mimi nilikuwa nimemchukulia mizigo Mwingereza mmoja, mwindaji, aliyekuja kutoka upande wa Nairobi akapiga kambi kule porini, na alipoondoka nikabaki na maneno yake mawili: neva maindi. Aliyasema kutwa, kwa sauti ya chini, mara nyingine akikupigapiga begani, nami nikaona lazima hayo ni maneno mazuri. Maana yake sikumuuliza (na ningemuulizaje, wakati hicho ndicho Kiingereza changu chote?).

Basi nikawa nayo kila mahali. Nikienda dukani kwa Mhindi, nasema nipe chumvi, neva maindi. Nikirudi machungani, ng'ombe wote wamefika, neva maindi. Asubuhi namwamkia mama yangu mzazi, umelalaje mama, neva maindi, naye ananitazama tu, anaendelea kumenya ndizi zake. Wenzangu wakayapenda, wakayadaka, ikawa tukikutana njiani tunasalimiana hivyo, na mimi nikajiona mimi ndiye mimi.

Aliyeyapenda kuliko wote alikuwa Nasieku, mchumba wangu, binti wa Mzee Lembris wa Sambasha. Nilikuwa nikimkuta kijitoni akiteka maji, nasema neva maindi huku nimekunja uso kama yule Mzungu, anacheka mpaka anautua mtungi chini. Anasema, "Hebu sema tena, Sanare." Nami nasema tena. Kama kuna kitu nilikipenda katika dunia hii ni kile kicheko.

Sasa lazima niwaambie habari za nyumba ile, la sivyo mtaona wazee walinionea. Mama yake Nasieku alikuwa amezika watoto, mmoja baada ya mwingine, wote wachanga, akabaki na huyu mmoja. Kwa hiyo harusi ile haikuwa ya ngoma na nyama tu. Mama yule alikuwa akisubiri siku wazee watakapomwombea binti yake uzazi, na alikuwa ameisubiri tangu Nasieku akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Mimi hayo yote niliyajua. Niliyajua kabisa, na ndiyo maana sina pa kujifichia.

Kwetu Waarusha bibi harusi hatoki kwa baba yake mpaka abarikiwe. Wazee wanasimama, wanawanyunyizia maharusi pombe ya asali, mmoja anatamka baraka, na bwana harusi pamoja na watu wote wanaitikia "Naai", yaani wanamwomba Mungu aipokee. Ni neno moja tu, hata mtoto analijua. Na baraka isipoitikiwa inavyotakiwa, wazee wanahesabu imeanguka chini.

Siku yenyewe tulipanda Sambasha mimi na vijana wenzangu, tumejipaka mafuta tunang'aa, na njia nzima ni neva maindi. Mmoja akijikwaa, neva maindi. Mwingine akiwashwa na upupu, neva maindi. Tukafika midomo imeshapata moto, tukaingia kwa adabu, tukasimama uani. Nasieku akatolewa ndani, amenyolewa, amevaa ngozi mpya na shanga, uso ameuinamisha, anazishikashika shanga zile kama mtu mwenye hofu. Nikamwonea huruma. Nikataka acheke, mara moja tu, kidogo tu. Hilo ndilo lililokuwa kosa langu, jamani, sikuwa na nia nyingine.

Mzee Lembris akanyunyiza pombe, akasema, "Mungu awape watoto."

Nikaitikia, "Neva maindi."

Nilisema taratibu, nilidhani ananisikia Nasieku peke yake. Lakini wenzangu nyuma yangu wakadhani ndivyo tulivyopanga, wakapaza sauti wote pamoja, "Neva maindi!" Mzee alikuwa na masikio mazito kidogo, akaendelea. "Watoto hao waishi." Neva maindi. "Nyumba yenu isipatwe na kilio." Neva maindi. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshanyamaza, nimeupeleka mkono nyuma nawapungia wanyamaze, nao wakaona kumbe mkono unawahimiza, wakazidi kupaza sauti. Nikamtazama Nasieku. Hakucheka. Alikuwa ananitazama kana kwamba hanijui.

Mama yake ndiye aliyesimamisha mambo. Alitoka mlangoni akasema, "Baba Nasieku, hawaitikii."

Mzee akauliza neno lile ni la nani. Nikasema la Mzungu. Akauliza lina maana gani. Hapo, ningekuwa na akili, ningepiga magoti nikasema mzee wangu sijui, nilikuwa naringa tu, nisamehe, na nadhani angenisamehe, kwa maana alikuwa mtu mwema na alinipenda. Lakini wenzangu walikuwa wananitazama, mimi mtaalamu wao wa Kiingereza, nikaona haya. Nikasema, "Nalijua, mzee. Ni neno zuri."

"Vizuri," akasema, na hakuwa na hasira hata kidogo. "Huyo Mzungu wako alilisema wakati gani? Tueleze, tulielewe na sisi."

Nikafikiri, nikasema, "Mpishi alipounguza nyama, bwana alisema neva maindi."

"Endelea."

"Upepo ulipochana hema lake usiku, alisema neva maindi."

"Endelea, mwanangu."

"Tembo mwenye pembe kubwa alipotutoroka baada ya kumfuata kutwa, bwana alitukuta tumeketi tumenuna, akatuambia neva maindi." Nikaona wazee wanatazamana, nikaharakisha nipate mfano mzuri zaidi, na mdomo wangu, kwa laana gani sijui, ukaleta huu: "Na nyumbu wake wa mizigo alipovunjika mguu mtoni ikambidi ampige risasi, mimi nililia, maana ndiye niliyekuwa nikimlisha, akanishika bega akaniambia neva maindi."

Mzee Lembris akauliza kwa upole, na upole huo ndio ulionimaliza, "Amewahi kulisema siku ya heri? Alipopata nyama? Alipoletewa habari njema? Mtu alipompa kitu?"

Nikatafuta kichwani. Nikapekua siku zote nilizokaa kambini, asubuhi na jioni, nikamwona yule bwana akiyasema maneno yale, na kila mahali nilipomwona palikuwa na kitu kimemwagika, au kimevunjika, au kimekufa. Siku ya heri hata moja sikuipata. Nikainamisha kichwa.

"Basi ni neno la hasara," akasema mzee. "Tumemwombea mwanangu watoto, nanyi mmewaitikia neno la yule nyumbu aliyekufa."

Mama yake Nasieku hakulia. Aliketi chini palepale alipokuwa amesimama, akajifunika uso kwa ngozi aliyovaa. Mzee mmoja akaanza kusema kuna njia, achinjwe kondoo, baraka irudiwe, lakini Mzee Lembris akamgeukia binti yake amuulize. Nasieku alimtazama mama yake pale chini, akasema, "Baba, mimi leo sitoki." Akaingia ndani.

Tukateremka Sambasha bila bibi harusi, na aliyejikwaa akajikwaa tu. Tuliambiwa turudi baada ya mavuno, wazee watakuwa wamekaa wameshauriana. Lakini kabla ya mavuno vita vikaingia, Mjerumani akatukamata tukambebee mizigo, na niliporudi nyumbani nimebaki mifupa nikaambiwa Nasieku ameolewa na Mmasai mmoja wa Kisongo upande wa Monduli. Na sikuweza kumlaumu mtu. Waingereza walipokwisha kuitwaa nchi niliyasikia tena maneno yale, askari wao wanaambiana kutwa, nikamuuliza mkalimani, akaniambia ni kama kusema haidhuru. Nikaenda nikakaa peke yangu. Mungu awape watoto, haidhuru. Watoto hao waishi, haidhuru. Mzee hakukosea sana.

Tangu hapo sijaliazima neno la mtu, na watu wakiomba mimi huitikia Naai, tena nangoja wengine waanze.

Nasieku nilimwona mara moja tu baadaye, sokoni Arusha, yuko na mtoto wa kiume wa kuanza kuchunga mbuzi. Alinisalimia vizuri, hana kinyongo, akamwambia mtoto amsalimie mzee. Mtoto akaniinamishia kichwa kama desturi yetu ilivyo, nimwekee mkono na kumtakia maisha marefu. Nikauweka mkono. Na mama yake anasubiri, na mimi kila neno la heri ninalolijua, kwa Kiarusha na kwa Kiswahili, liko kooni, nikaogopa kinywa changu mwenyewe. Nikabaki nimemshika kichwa hivyohivyo, kimya, mpaka mtoto akachoka akajitoa, na Nasieku akamshika mkono wakaenda zao.