Anayeita Mara Mbili

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na katika miaka yote niliyoshika chaki sijawahi kumvumilia mtoto anayesikia jina lake akanyamaza. Asubuhi naita mahudhurio. Nikiita, itika. Asiyeitika naandika hayupo, hata kama namwona pale dawati la nyuma kanikodolea macho. Wanafunzi wangu wanalijua hilo kuliko wanavyojua jedwali la saba. Sasa Mungu naye, kwa utani wake, akanipa mtoto asiyeitika.

Hakutoka tumboni mwangu. Mimi na mume wangu tulikaa miaka kumi na minne hapa Chemchem, Tabora, tukizika matumaini kimya kimya, mpaka siku moja tukavaa nguo za kanisani tukaenda ofisi ya ustawi wa jamii kuomba mtoto wa kuasili. Tukapewa wa kike, umri wake ukakadiriwa miaka mitatu. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikutwa stesheni ya Usoke, kakaa juu ya kiroba kitupu, kafungwa kitenge cha mtu mzima, treni imeshaondoka. Walisema hakuwa analia. Matangazo yalitolewa stesheni zote za reli, kuanzia Tabora mpaka Kigoma, na hakutokea mtu. Akalelewa kituo cha watoto, kisha akaja kwetu na kitenge chake, maana bila kile kitenge hakulala.

Afisa wa ustawi, dada mmoja mpole mwenye faili nene, alitueleza mambo bila kuzunguka. Tungeishi naye kwanza, yeye akija kutuangalia, halafu mahakama ingetoa amri awe wetu. "Ila mwalimu," akaniambia, "mkisikia lolote kuhusu ndugu zake kabla ya hiyo amri, mniambie. Tutatangaza upya na kusubiri upya. Mama yake akitokea, itabidi tuanze na yeye." Nikasema sawa. Moyoni nikasema asitokee. Nilimwombea mwanamke nisiyemjua asionekane tena, na niliomba nimepiga magoti.

Basi, mtoto akaja. Anakula, anacheka, anamfuata mume wangu kila aendako. Lakini umwite. Kimya. Na anasikia, maana unaona shingo inakaza, mkono unasimama na kijiko hewani. Anangoja. Ukiita tena ndipo anajibu "Abee", sauti safi, kama vile hakuna kilichotokea. Tukampeleka hospitali, masikio mazima. Mume wangu akasema, "Mwache, ana mapozi tu huyu." Mimi nikasema samaki mkunje angali mbichi, akikauka atakuvunja vidole.

Ukweli ni kwamba jeuri ningeiweza, nimeiona nyingi. Kilichonisumbua ni ule muda kati ya wito wa kwanza na wa pili. Nyumba nzima ilikuwa inanyamaza. Hata mimi niliyemwita nilijikuta nimetulia, nasikiliza, wala sijui nasikiliza nini.

Likizo ya mwezi wa sita tukafunga safari kwenda Ipole kwa shangazi yake mume wangu, aliyekuwa hajamwona mtoto. Barabara siku hizi ni lami, Sikonge unaipita hujamaliza hata karanga zako. Baada ya Sikonge pori la miombo linakushika pande zote mbili, na mtoto, aliyekuwa akiuliza kila ng'ombe anakwenda wapi, akanyamaza. Akajivuta akaketi vizuri, kitenge mapajani. Nikadhani anataka kutapika, nikatoa mfuko. Hakutapika.

Katikati ya pori konda akasimamisha basi, watu wachimbe dawa, wajisaidie. Wanaume kushoto, wanawake kulia, kama kawaida. Nikamwachia mkono nijifunge khanga vizuri. Kugeuka, hayupo.

Nikaita jina lake. Nyasi zilikuwa zimekauka, majani chini, na hapakuwa na hata ndege. Nilisubiri aitike nikihisi jasho linashuka mgongoni, maana ile sauti yangu ilikuwa imeingia kati ya miti na kupotelea humo. Nikaita tena, safari hii nusura nilie.

"Abee."

Alikuwa nyuma ya mti, hatua tatu kutoka niliposimama. Muda wote huo alikuwa ananitazama. Nikamzaba kofi, mbele ya abiria. Mtoto hakulia. Hakuniangalia hata mimi, aliangalia kule porini nilikoelekeza wito wangu wa kwanza, akashika shavu lake, akarudi kwenye basi mwenyewe. Njia nzima alikaa mapajani kwa baba yake, na baba yake hakunisemesha mpaka Ipole.

Shangazi tulimkuta jikoni anakamua masega ya asali kwa kitambaa, mikono imemlowa mpaka viwikoni. Ni mjane wa mrina asali, na ujana wake wote ameumalizia kwenye kambi za porini na mumewe. Mimi Mzaramo, yeye Mnyamwezi, kwa hiyo ni watani, tangu babu zake walipokuwa wanateremka pwani kwetu na misafara, pembe za ndovu mabegani. Kunipokea kwake ni kunisimanga.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mtani. Huyu ndiye? Kumbe pwani watoto mmemaliza. Zamani mlikuwa mnangoja tuwaletee watu huko huko, siku hizi mnafuata wenyewe."

Tukacheka. Nilicheka kwa nguvu kuliko wote, nikajaribu kusahau lile kofi. Tulipokwisha kula nikaanza kumshtakia. Nikasema mtoto ni mzuri lakini ana kiburi cha ajabu, ngoja nikuonyeshe. Mtoto alikuwa uani anawatupia kuku punje. Nikamwita. Mkono wake ukasimama, punje zikabaki kiganjani.

Shangazi akaacha kukamua. Nilipoinuka akanishika khanga kwa mkono wenye asali. "Usimpige. Mwite tena."

Nikaita. "Abee."

Shangazi alinawa mikono polepole, kidole kwa kidole. Kisha akauliza nani kamfundisha. Nikamwambia hakufundishwa na mtu, hiyo ni jeuri yake.

"Jeuri unayo wewe, mtani. Huyu kafundishwa."

Akatueleza. Barabara tuliyokuja nayo, na vijia vinavyoingia makambini, vimefuata kwa sehemu njia ya misafara ya zamani. Waliochoka na mizigo waliachwa humo wakiwa bado wanahema. Na wanawake waliokuwa na mzigo kichwani na mtoto mgongoni, wakilemewa, waliambiwa watue kimoja, na kilichotuliwa hakikuwa mzigo. Watu wa makambi wanasema hao wote bado wanaita. Wanaita wapate wa kuwapokea, na ukiitika umekubali kupokea. Ila mfu ana pumzi ya wito mmoja tu. Aliye hai ndiye anayeweza kurudia. Kwa hiyo mtoto wa kambini, hata kabla hajajua kujimegea ugali, anafundishwa na mama yake: ukiitwa, usiitike mara ya kwanza.

"Na wewe, Mmoraviani mzima wa kanisani kila Jumapili, unaamini hayo?" nikamuuliza.

"Mimi ni Mmoraviani, na huitika mara ya pili."

Hakuwa anatania. Akamtazama mtoto kule uani. "Watu wa reli hawafundishi hivyo, wala wa mjini. Mama wa huyu ni wa makambi ya huku. Alimpenda, ndiyo maana akamfundisha mapema. Yaliyomkuta mpaka akamwacha Usoke anayajua mwenyewe. Njia za huku hazikuanza leo kuacha watoto."

Nilishikwa na woga ambao sijawahi kuuonja. Wafu sikuwaogopa. Nilimwogopa aliye hai. Matangazo yote yalikwenda kwenye reli, na huku hakuna aliyesikia neno. Labda mama alikwenda Usoke kwenye vibarua vya tumbaku, akaugua, akapelekwa mbali, nani ajuaye. Labda alikuwa akizunguka makambini kutafuta mtoto, na mtoto alikuwa kwangu, kalala kwenye shuka nililolishona mwenyewe.

Tulirudi Tabora, na jioni ile ile mume wangu akasema, "Tumwambie dada wa ustawi."

"Tumwambie nini? Kwamba mtoto haitiki haraka? Kuitika si cheti cha kuzaliwa."

"Unajua ninachosema."

Nilikuwa najua. Nikamsihi angoje mpaka amri itoke. Nikamuuliza kama ataweza kuketi mezani bila kile kiti kidogo pembeni yake. Nilimpiga pale panapouma, maana nilijua panauma, ni pangu pia. Akanyamaza siku nyingi. Nami nikauchukua ukimya wake kuwa ndiyo.

Kisha nikafanya lile ninaloliandika hapa kwa shida. Zilibaki wiki tatu kabla ya ziara ya mwisho ya afisa, sikutaka aone ule kungoja akauliza, na mimi ni mwalimu. Nikatengeneza kashata. Namwita mara moja: akiitika, anapata kipande. Akingoja, hapati, na sirudii kumwita. Siku za mwanzo alisimama mlangoni na midomo inamtetemeka, anasubiri wito wa pili ambao sikuutoa. Machozi yalimtoka bila sauti. Wiki ya pili akaanza kuitika haraka, macho yanakimbilia dirishani, kama mtu anayevuka barabara bila kuangalia. Wiki ya tatu sikuwa namaliza jina lake, "Abee" imeshafika. Mume wangu alikuwa akitoka nje kila nikianza somo hilo.

Afisa alipokuja alimwita mwenyewe, kumjaribu. "Abee!" Akatabasamu, akaandika kwenye faili. Akasema mtoto amepazoea nyumbani, akatutajia siku ya kwenda mahakamani. Siku hiyo nilipika pilau, na sahani yangu nikampelekea jirani.

Jumamosi moja kabla ya siku ya mahakama, saa nane mchana, jua kali, nilikuwa uani nachambua mchele. Mume wangu yuko kazini. Mtoto kakaa mkekani pembeni yangu, anajifunga kitenge chake mgongoni, kabeba chupa ya maji ndani yake ndiyo mtoto wake. Alikuwa anaongea na hiyo chupa, anaiambia inyamaze, wanafika sasa hivi.

Ghafla akaacha. Shingo ikakaza, mkono ukasimama. Wiki kadhaa nilikuwa sijaiona hali ile. Nami nikatulia na mchele kiganjani, tunasikiliza wote wawili. Mtaa ulikuwa kimya. Akangoja, akangoja, halafu akageukia geti.

"Abee."

"Mimi sijakuita," nikasema.

"Najua."

"Nani kakuita?"

"Mama."

"Mama gani?"

Akapapasa kitenge mgongoni. "Wa hiki."

Nikamwambia ni upepo. Nikamwambia watoto wa jirani wanaitana. Nilikuwa naongea haraka haraka, kwa sauti yangu ya darasani. Akanisubiri nimalize. Kisha akainua vidole viwili, vile nilivyomfundisha kuhesabu.

"Ameita mara mbili," akasema.

Nilikwenda getini. Palikuwa na mbuzi wa jirani na barabara tupu. Nilisimama pale mpaka miguu ikaniwaka kwa joto la mchanga, na nilipogeuka mtoto alikuwa bado kasimama, kajifunga vizuri, viatu kavaa. Alikuwa tayari kuondoka. Nikamvua viatu mwenyewe, nikalia, naye akanifuta machozi kwa ncha ya kile kitenge.

Jumatatu niliomba ruhusa shuleni nikaenda ofisi ya ustawi. Nilimweleza yule dada yote: Ipole, maneno ya shangazi, na kashata. Nilitegemea anikaripie. Alifunga faili, akasema, "Mwalimu, ungeniambia mapema." Shauri likaahirishwa. Tangazo likabandikwa Ipole, na shangazi akachukua nakala akawapa warina asali waingie nazo makambini. Jioni ya Jumatatu ile mume wangu alirudi mapema, akakaa karibu nami kwenye mkeka, tukamaliza kuchambua mchele uliobaki.

Sasa tunangoja. Kashata sipiki tena. Nikimwita mtoto namwita mara mbili, hata kama ameshaitika ya kwanza, na taratibu ameanza kungoja tena kama zamani. Shule nimewaambia wanafunzi kwamba asiyeitika mara ya kwanza nitamwita tena, na walitazamana kama mwalimu wao amechanganyikiwa.

Mwanzo nilimwombea yule mwanamke asionekane. Siku hizi namwombea awe hai, na kila nikimaliza kuomba hivyo, naangalia geti na kuogopa.