Chale za Komanda

Alininyoshea mkono. Maudhi yangu yote yanaanzia hapo, na hadi leo nikikumbuka damu inanichemka. Alishuka kwenye lori mbele ya depo ya pamba ya Luberizi na walinzi wake wanne, koti amelifunga vifungo hadi shingoni katika jua lile la bonde la Ruzizi, akaja moja kwa moja hadi nilipokuwa nimesimama na watu wangu thelathini, akanipa mkono kama tunakutana arusini.

Nikarudi nyuma hatua moja. Mwaka ule wa vita, mpiganaji wa kwetu aliyepewa maji hakushikana mkono na mtu. Hata mama yangu mzazi nilimsalimu kwa mbali, naye akalia. Serikali ilituita waasi. Sisi tulijiita wakombozi, maana uhuru ulikuwa haujafikisha miaka mitano na tayari wakubwa wapya walikuwa wameukalia peke yao kama kiti cha baba yao. Silaha tulikuwa nazo chache, kwa hiyo tulitegemea maji. Mama mzee mmoja alikuchanja kifuani kwa wembe, akapaka unga mweusi wa dawa, akakunyunyizia maji, kisha akakupa masharti: usimguse mwanamke, usimpe mtu mkono, usigeuke nyuma vitani. Ukivunja, risasi inakupata. Mnacheka? Chekeni tu. Sisi tuliamini, na asiyeamini alinyamaza.

"Weye liyetena, unaogopa mukono yangu?" akasema huku akicheka na kuitazama kepi yangu ya luteni. "Baba yako hakukufundisha salamu?"

Nyuma yangu watu walianza kunong'ona. Sarja, yaani sajini wangu, mtu wa Bwegera aliyekuwa amelima mpunga maisha yake yote kabla ya kushika bunduki, alitema mate chini. Baadaye akaniambia, "Huyu si komanda. Komanda gani anagawa mukono sawa muchuuzi wa Kavimvira?"

Barua alikuwa nayo. Ilisema yeye ndiye komanda mpya wa bonde lote, ametumwa kutoka Uvira, na muhuri ulikuwepo chini. Mimi kabla ya vita nilikuwa karani wa pamba, mihuri naijua. Tena cheo changu kilitoka hapo hapo: nilijua kusoma Kifaransa, basi asubuhi nilikuwa karani na jioni nikawa luteni. Lakini mwaka ule ofisi nyingi zilikuwa zimekimbiwa na mihuri imezagaa, hata watoto waliichezea. Barua ile haikunithibitishia kitu. Nilichokiona ni ule mkono.

Siku ya pili akamwita munganga. Ndivyo tulivyomwita muuguzi wa dispanseri yetu, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakuwa daktari, lakini daktari alikuwa amekimbia na hapakuwa na mwingine. Mke wangu alipojifungua mapacha, wa pili akitanguliza miguu, ni yeye aliyewatoa wote wawili wazima. Tangu siku ile yeye na mke wake waliniita Baba Mapasa, kwa heshima ya wale pacha, nami nilimwita kaka.

Komanda alitaka penisilini yote iliyokuwa kabatini. Si kwa ajili ya majeruhi. Sote tulijua, maana wachuuzi wawili kutoka ng'ambo ya mto Ruzizi walikuwa wameketi kwenye kivuli cha lori lake wakisubiri, bila hata haya. Munganga akamjibu kwa sauti yake ile ya upole, iliyoniudhi hata mimi wakati mwingine: "Mukubwa, hii dawa iko ya wagonjwa."

"Weye uko mupelelezi wa serikali," komanda akasema.

Basi, hukumu ikawa imekwisha. Hakuna shahidi, hakuna swali. Afungwe ndani ya depo, na Jumamosi, siku ya soko, apigwe risasi mbele ya watu wote. Wa kutoa amri ya kupiga ni mimi. Akanikabidhi ufunguo. Ilikuwa Alhamisi, kabla ya saa sita mchana.

Hebu fikirini! Mtu aliyeshona vidonda vya nusu ya bonde, auawe kwa sababu ya visanduku vya vichupa! Na mimi nilifanya nini? Nilipiga saluti. Nilisema, "Ndiyo, komanda." Mwenye nguvu mpishe, wazee walisema, na mimi nilipisha kama mtoto wa shule. Nilikuwa nimeapa kuwatii wakubwa wangu, na kiapo kile sikukichukulia mzaha. Komanda wa kweli hakataliwi. Lakini wa uongo je? Hapo nikaona njia yangu. Kama huyu ni tapeli, kiapo hakinibani, munganga anatoka, nami nabaki askari mwaminifu asiyelaumiwa na mtu. Nilitaka awe tapeli kuliko nilivyotaka kula.

Mchana ule ule mke wa munganga akaja, na bugali na ndakala, wale dagaa wa ziwani, amevifunga katika kitambaa. Alikuwa mwanamke wa pwani ya Uvira, mkubwa wa mwili, na hakuogopa bunduki wala mwenye bunduki. Akasimama hatua tano mbali nami, kwa kuheshimu masharti yangu.

"Baba Mapasa, ufunguo iko wapi?"

"Iko kwangu, mama."

"Sasa?"

Nikamwambia avumilie. Nikamweleza mpango wangu, tena kwa majivuno. Kila aliyepewa maji ana chale kifuani, na huyu bwana havui koti hata jua likiwaka vipi. Kesho nitamwita mama mzee aje kufanya maji upya. Desturi inataka wote wavue nguo za juu, mkubwa akitangulia, na akikataa mmoja maji ya wote yanaharibika. Atavua akitaka asitake, na watu wataona kifua kitupu.

"Na kama iko na chale?"

"Hana."

"Minye sikukuuliza kama ule iko komanda ao hapana," akasema. "Minye nakuuliza, bwana yangu iko na kosa gani?"

"Hana kosa."

"Basi fungua."

Jamani, neno moja tu! Watu wangu walikuwa wameketi pale wakisikiliza, na hakuna hata mmoja ambaye angenizuia. Sarja alikuwa amekwisha kusema waziwazi kwamba kwa amri ya mtu yule hatapiga hata kuku. Walinzi wa komanda walikuwa wanne, sisi thelathini. Na mimi nikamjibu mama yule, kwa sauti ya ofisini, kwamba mambo ya jeshi yana utaratibu wake. Utaratibu! Ningeweza kujizaba kofi hata sasa hivi. Akaniachia chakula nimpelekee mumewe, akaenda.

Ijumaa asubuhi tukajipanga kando ya mfereji wa mpunga. Mama mzee alikuja na beseni lake na majani yake. Nikatangaza kwamba kabla ya kazi kubwa ya kesho ni lazima maji yafanywe upya, na kwamba tunamwomba komanda atuongoze. Nilijiona mjanja asiye na mfano.

Komanda akanitazama. Kisha akaanza kufungua vifungo, kimoja kimoja, bila haraka, mpaka koti likaachana.

Chale zilikuwepo. Zilikuwa mistari mitatu kutoka shingoni hadi kitovuni, nyeusi, zimepona vizuri. Zangu zilikuwa mstari mmoja. Mama mzee, ambaye peke yake ndiye aliyeruhusiwa kumgusa mpiganaji, alizipitishia kidole, kisha akasema kwa sauti wote wasikie, "Huyu alipewa maji mara tatu."

"Eeeeh!" watu wakaitikia. Sarja wangu akakakamaa, akapiga saluti ambayo mimi sikuwahi kuipata kwake.

Nikauliza, sijui ulimi ulitoka wapi, "Na mukono, komanda?"

"Masharti ya mukono iko ya wale wa maji moja," akasema, akifunga koti lake. "Minye nilishapita kule."

Wakaitikia tena, wakakubali! Mtu anavunja sharti mbele ya macho yao, nao wanasema ni kwa sababu yuko juu ya sharti! Nilitaka kupiga kelele kwamba wembe uko kila nyumba, kwamba masizi hayakosekani jikoni, kwamba kinyozi yeyote angeweza kumchora vile. Hata leo sijui kama alikuwa komanda kweli ama tapeli aliyejiandaa vizuri kuliko mimi. Lakini ni mimi niliyekuwa nimewaambia kwamba chale ndizo ushahidi, basi ningesema nini? Kabla ya saa tisa mlinzi wake akaja kudai ufunguo. Watu wote walikuwa wananitazama. Nikautoa.

Jumamosi soko lilijaa. Walimtoa munganga mikono imefungwa nyuma, miwani imekaa upande. Aliponiona akauliza, kama tumekutana njiani tu, "Baba Mapasa, watoto hawajambo?"

"Hawajambo, kaka," nikasema.

Komanda akaniambia nitoe amri. Hapo ndipo hatimaye nilipopata kinywa changu. Nikasema sitoi. Nilisema kwa nguvu, wauza mihogo wakasikia, wauza samaki wakasikia. Nikasema mtu huyu hana kosa, anauawa kwa ajili ya dawa inayokwenda kuuzwa ng'ambo, na kwamba komanda awe wa kweli au wa uongo, amri hii ni ya uongo. Kisha nikawageukia watu wangu thelathini.

Hawakuwa wakinitazama mimi. Wawili wakaja wakanivua kepi na mkanda, wakanishika mikono, tena taratibu, kama watoto wa adabu. Mmoja akaninong'oneza sikioni, "Utusamehe, liyetena. Tuliona chale." Sarja akajitokeza mbele, yule yule wa kuku, akatoa amri mwenyewe. Wakapiga.

Komanda aliondoka kabla ya soko kuvunjika, na visanduku vya dawa na wachuuzi wake, akashika barabara ya Kavimvira. Hatukumwona tena. Mimi hakunifanya kitu, wala hakunitazama. Walinirudishia kepi yangu, nikaitupa mferejini.

Mke wa munganga alikuja na mkokoteni wa kubebea mpunga. Watu walimpisha. Nikamfuata, nikaanza kumweleza kwamba nilikataa, mbele ya soko zima, kwamba nilisema kila kitu, na labda kwa mbali pale hakusikia.

"Nilisikia," akasema. "Lakini juzi watu yako wote walikuwa wanamukatala ule muntu. Nani aliwaonyesha chale?"

Kisha akaniambia nishike miguu, yeye atashika kichwa.